Neno Ambalo Baba Hakulisema

Kwa miaka minne kazi yangu ilikuwa kukaa katikati. Upande mmoja alikaa mtu anayesema Kirundi, upande wa pili mgeni anayesikia Kiswahili, na mimi kwenye kiti cha plastiki kati yao, nikipokea huku na kupeleka kule. Nilikuwa mkalimani wa semina. Shirika lililoniajiri lilikuwa dogo, vyumba viwili hapa Gitega mjini, na kazi yake, kwa mujibu wa kibao cha mlangoni, ilikuwa maridhiano.

Watu huniuliza Kiswahili changu nilikitoa wapi, maana si cha hapa. Wanasema naongea kama redio. Hawakosei. Nilizaliwa kambini, magharibi mwa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Kirundi nilikipata nyumbani, Kiswahili nilikipata sokoni na kwenye redio ya baba, ambayo ilizimwa pale tu betri zilipokufa.

Neno la kwanza la siasa nililolijua vizuri lilikuwa hiari. Lilikuja na kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari. Kurudi nyumbani ni kwa hiari, kilisema. Mwanzoni gari lilipita mara moja kwa wiki, na watu wazima walisimama kusikiliza, kwa sababu hiari ni neno zuri. Maana yake ni kwamba mtu ameulizwa. Baadaye gari likawa linapita kila siku. Soko la kambi likafungwa, gari likapita. Vijishamba vya nyuma ya nyumba vikakatazwa, gari likapita. Mwishowe tukatangaziwa kwamba hiari itakwisha mwishoni mwa mwezi.

Baba akamuuliza mama, "Itakwisha kama mafuta ya taa?"

Mama akasema tufunge mizigo.

Tukarudi Burundi, Makebuko, kwenye kilima alichozaliwa baba, ambacho mimi nilikijua kwa maelezo tu. Maelezo yalikuwa sahihi isipokuwa kitu kimoja: shamba la babu lilikuwa na mtu. Alikuwa jirani, rika la baba, na walichunga mbuzi pamoja utotoni. Yeye hakukimbia. Alibaki, na mtu anayebaki hulima. Wazee wa kilima walikaa siku tatu, wakaligawa shamba nusu kwa nusu, wakapanda mstari wa minyaa katikati. Baba aliona amenyang'anywa nusu. Jirani aliona amenyang'anywa nusu. Wazee walisema kwa hesabu hiyo kazi imefanyika vizuri.

Kwa miaka sita wale wawili hawakusemeshana. Hawakugombana. Walilima kila mmoja upande wake wa minyaa, wakitazama chini. Jumapili walikwenda kanisa moja, na padri alipowaambia watu wapeane amani, kila mmoja aligeukia upande mwingine na kumpa amani mtu ambaye hana neno naye.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshahamia mjini. Nilipanga chumba mtaa wa Yoba, na kila asubuhi nilitembea hadi ofisini kuzungumzia maridhiano ya watu wengine.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake. Wageni wetu walitoka nchi za jirani, waliongea Kiswahili kilichonyooka, na walikuja na maneno yaleyale kwa mpangilio uleule. Amani ilitangulia, ikafuatwa na umoja. Maridhiano yalikuja baada ya chai. Maendeleo yalifunga kikao, mara nyingi yakiwa endelevu. Baada ya mwaka mmoja niliweza kutafsiri hotuba kabla haijasemwa, na siku moja nilifanya hivyo kweli. Mgeni wa heshima alikuwa akihutubia akina mama wa ushirika. Alifika mahali akasema, "Kwa hiyo, ndugu zangu, tushikamane," akanyamaza ili anywe maji. Mimi nikaendelea kwa Kirundi: tushikamane kwa ajili ya watoto wetu na kwa maendeleo endelevu. Akina mama wakapiga makofi. Mgeni akaweka chupa chini, akawashukuru kwa mkono kifuani, akaketi. Hakujua kwamba hakuwa amemaliza.

Nilimweleza bosi wangu, nikidhani atanikaripia. Sote tulimwita shefu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakukaripia.

"Dada," aliniambia, "we usitafsiri maneno. Tafsiri mradi."

Nilidhani ananifundisha kazi. Pengine alikuwa ananifundisha.

Halafu ikaja asubuhi moja ya msimu wa mvua. Nilikuwa kwenye semina, simu ikatetemeka, nikaona ni mama. Mama hapigi simu asubuhi ila kwa kifo, nikatoka nje mbio.

"Wamesalimiana," alisema.

Usiku ule ilikuwa imenyesha mvua ya mawe. Kulipokucha baba alitoka kuangalia maharage yake, akayakuta yamelala chini kama yamekanyagwa na ng'ombe. Akainua macho, akamwona jirani amesimama upande wa pili wa minyaa, na maharage yake nayo yamelala. Wakatazamana. Jirani akasema, "Mwaramutse." Baba akajibu, "Mwaramutse." Ni salamu ya asubuhi, wanaitoa hata watoto wanaokwenda shule. Mama alisema baba alirudi ndani, akakaa kitandani, akavua viatu vyenye matope, akavivaa tena.

"Ndiyo hivyo," mama alisema. "Nilitaka ujue."

Niliporudi ndani nilikuta bado tuko kwenye maridhiano, ukurasa wa pili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kufurahi mbele ya shefu. Nilimsimulia wakati wa chakula cha mchana, na nilimsimulia vizuri, na maharage, na viatu. Aliweka kijiko chini. Akachomoa kalamu moja.

"Huyo mzee wako na jirani yake," alisema, "wanaweza kufika hapa mwezi ujao? Donc, wageni wanataka mfano mzuri."

Walifika. Hilo peke yake lingetosha kuwa habari: walipanda gari moja kutoka Makebuko, wakaketi kiti kimoja kwa kuwa ndicho kilichobaki. Baba alivaa koti lake la kanisani. Jirani alivaa kofia mpya ya majani, akaivua mlangoni na asijue pa kuiweka, akaishika magotini siku nzima. Walipewa kila mmoja kalamu na daftari. Wakasaini karatasi iliyopita mezani. Wakaketi mstari wa mbele, bega kwa bega, kama watu wanaongoja daktari.

Baba alikuwa ameishi Tanzania kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Lakini asubuhi ile alikuwa ameniambia, "Mimi leo nitasema Kirundi. Nimekuja kama mtu wa Makebuko." Na jirani yake hakuwa na Kiswahili hata cha kuombea maji.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na adabu. Alimgeukia baba. "Mzee," alisema, "tueleze, sasa hivi unaishi vipi na jirani yako?"

Nikalitafsiri swali kwa Kirundi kwa ajili ya ukumbi. Baba alikuwa ameshalisikia. Alisimama. Aliwaza muda mrefu, mpaka watu wa nyuma wakaanza kusogeza viti. Kisha akasema:

"Turaramukanya."

Akaketi.

Neno hilo lina maana moja: tunasalimiana.

Mgeni alinitazama, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Shefu alinitazama. Ukumbi mzima ulikuwa umesafirishwa, umelishwa chai na maandazi, ili kusikia kile ambacho baba angesema, na baba alikuwa amesema neno moja. Nikaona aibu. Niliona aibu kwa ajili yake, kama vile mzee wangu amekuja mbele za watu na mfuko mtupu. Nikafungua mdomo.

"Anasema wameridhiana kabisa, na sasa wanaishi kwa umoja na mshikamano."

Neno moja likawa tisa. Wageni wakapiga makofi. Wenyeji, ambao hawakujua kinachopigiwa makofi, nao wakapiga, kwa heshima. Wale wawili wakasimamishwa, wakashikishwa mikono, wakapigwa picha.

Baba alinitazama juu ya vichwa vya watu. Hakukunja uso. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama kambini, nilipokuwa namsomea barua kwa sauti na kuruka mstari.

Mchana, kwenye sahani za wali, nilimwona jirani akimwinamia baba na kumuuliza jambo. Baba alijibu kwa kifupi. Jirani akaacha kula.

Niliwasindikiza kituoni. Jirani alitangulia kupanda. Baba alibaki chini na mimi.

"Mimi nilisema nini?" aliniuliza, kwa Kiswahili.

"Ulisema mnasalimiana."

"Na wewe ulisema nini?"

Nilitazama gari. Alijua.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita nimelitafuta hilo neno moja, na leo nilikuwa nalo. Nimesimama mbele ya watu nikalitoa. Wewe umelipita kama hujaliona."

"Baba, walikuwa wanasubiri. Nilitaka—"

"Najua ulichotaka." Alipanda gari. Alipokwishakaa akachungulia dirishani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama yako ameomba umnunulie sindano za kushonea. Usisahau."

Sikusahau. Niliziweka kwenye mkoba, na zilikaa humo wiki mbili, kwa sababu sikuwa na haraka ya kwenda.

Kisha mama akapiga tena, asubuhi tena.

"Hawasalimiani," alisema.

Ilikuwa hivi. Njiani kurudi, jirani alimuuliza baba mara ya pili walipigiwa makofi ya nini, na baba, ambaye hajui kupamba jambo, akamwambia: binti yangu amewaambia kwamba tumeridhiana kabisa. Jirani alipofika nyumbani aliwaza ile karatasi aliyosaini. Akamuuliza shemeji yake, mtu aliyewahi kuwa karani, na shemeji akamweleza kwamba kuridhiana kabisa, kukiambatana na saini na picha, ni kwamba jambo limefungwa na hakuna anayeweza kulifungua tena. Jirani akaona basi: salamu ile ya asubuhi ya mvua ya mawe ilikuwa chambo. Amevutwa kwa salamu mpaka Gitega, akasainishwa kuukubali mpaka wa minyaa. Tangu siku hiyo alikuwa akipita na jembe begani, macho chini, kama zamani. Na baba, kwa kuwa hakuwa wa kwanza kusalimu mara ya kwanza, hakujua namna ya kuwa wa kwanza mara ya pili.

Jumamosi nilikwenda Makebuko. Nilimpa mama sindano zake, nikachukua kilo ya sukari na vipande viwili vya sabuni nilivyokuja navyo, nikazunguka minyaa hadi kwa jirani. Baba aliniona nikipita. Hakunituma wala hakunizuia.

Jirani alikuwa uani akipura kwa fimbo maharage yaliyonusurika. Alinikaribisha kiti, akaendelea kupura. Nikaweka sukari na sabuni chini. Tuliongea Kirundi, ninakiweka hapa kwa Kiswahili, neno kwa neno, na safari hii sijaongeza.

"Mzee," nilisema, "nimekuja kwa sababu ya mambo ya Gitega. Baba hakusema mmeridhiana."

Fimbo ikasimama. "Alisema nini?"

"Alisema mnasalimiana. Akakaa chini. Yale mengine niliyasema mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo tangu Yoba, marefu, yenye wafadhili na wageni na desturi za semina. Yakanipotea yote. "Niliona neno lake ni dogo," nilisema.

Alifikiri. "Wanakulipa kwa neno?"

"Hapana. Kwa siku."

"Basi hukuwa na sababu."

"Sikuwa nayo."

Akayapura maharage mara mbili tatu, taratibu. "Na ile karatasi?"

"Ni orodha ya mahudhurio."

"Ya nini?"

"Ya kuonyesha kwamba mlikuwepo."

"Si walituona?"

"Waliwaona."

"Walitupiga na picha."

"Ndiyo, mzee."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira, ila kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali ambako watu hula vitu vya ajabu. Akaegemeza fimbo ukutani, akajipangusa makapi mikononi.

"Sasa mwambie baba yako," alianza, "mwambie kwamba..." Akanitazama vizuri, kuanzia viatu. "Hapana. Wewe usimwambie chochote. Nitamwambia mwenyewe."

Nimewahi kukaripiwa na watu wengi. Hakuna karipio lililonikaa kama hilo, na alilisema kwa upole, huku akimwita mkewe aje achukue sukari.

Jioni, kabla jua halijazama, nilikuwa jikoni namchambulia mama mboga. Tulisikia hatua nje, na sauti ya jirani ikisema, "Mwiriwe," salamu ya jioni, na sauti ya baba ikijibu. Halafu wakaongea. Waliongea chini chini na sisi hatukusikia. Mama aliacha kisu juu ya kibao, akanishika mkono ili nami niache kuchambua. Tulikaa hivyo mpaka hatua zilipoondoka. Baba aliingia, akauliza chakula kitakuwa tayari lini. Hakutueleza walichozungumza, na mimi sikuuliza.

Jumatatu nilirudi kazini. Ningeweza kusema niliacha, lakini sikuacha. Kodi ya chumba haijui toba. Nilichofanya ni kuanza kutafsiri kilichosemwa. Mtu akisema kidogo, nilipeleka kidogo. Semina zikawa fupi. Shefu aliona, akadhani naumwa.

Miezi mitatu baadaye tulikwenda Muyinga. Kikao kilifanyika mjini, kwenye ukumbi ulio karibu na mtaa wa Waislamu, na waliokuja walikuwa wengi wa mtaa huo: wauza vitambaa, mafundi cherehani, mafundi baiskeli na wake zao. Wanasema Kiswahili, ila ni Kiswahili chao cha Burundi, ambacho kimekaa sana na Kirundi na Kifaransa. Mgeni safari hii alikuwa bwana mmoja kutoka mbali kidogo, msomi, na sentensi za mwanzo tu zilimpita. Akaomba atafsiriwe. Kwa hiyo nilikaa katikati nikitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Shefu alifungua kwa amani na umoja. Baada ya chai yakaja maridhiano. Mgeni akauliza neno hilo limewaletea nini wakazi wa Muyinga. Akainuka mama mmoja mjane, fundi cherehani, mtandio wa manjano, sindano mbili zimechomekwa kifuani.

"Bon, mi nitasema," alisema. "Hii neno tunaijua. Mulikuja nayo mara ya kwanza, tukalia. Mara ya pili, tukapiga makofi. Mara ya tatu watu walikuwa wanaangalia saa. Leo, pardon, tuko tunangoja fanta."

Fanta kwetu ni soda yoyote. Ilikuwa kwenye makreti nyuma ya ukumbi, na kila mtu alikuwa ameiona.

Mgeni akanigeukia. Shefu akanigeukia pia, akasema bila kufungua sana midomo, "Dada, tafsiri vizuri."

Nikatafsiri vizuri. Nilisema: mama anasema neno hili wanalijua, mara ya kwanza lilipoletwa walilia, mara ya pili wakapiga makofi, mara ya tatu wakatazama saa, na leo, anaomba radhi, wanangoja soda.

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Shefu alizifunga na kuzifungua kalamu zake zote. Mgeni hakucheka. Aliandika, akainua kichwa, akauliza swali ambalo katika miaka minne sikuwahi kulisikia semina.

"Mara ya kwanza mlilia kwa nini?"

Mama alikuwa ameshaketi. Akasimama tena, polepole.

"Sisi tulikimbia," alisema. "Tukaacha nyumba. Tuliporudi, nyumba iko, mlango hakuna. Mlango ulikuwa kwa jirani. Mi niliuona kila siku nikipita, ule wa kijani, marehemu bwana yangu aliutengeneza na mikono yake. Sikusema kitu. Niliweka pazia. Watoto wamekulia kwa pazia. Sasa siku ile mulikuja, mtu wenu akasema hii neno, tulikuwa hatujaisikia bado. Jirani akasimama, akatoka inje. Tukajua amekasirika. Akarudi na mlango kichwani. Akauweka chini mbele yangu, hapa ndani, hapahapa kwa hii salle. Ndiyo tukalia. Watu wote."

Alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio.

"Mara ya pili," alisema, "neno ikakuja bila mlango."

Nilitafsiri yote, na pazia, na rangi ya kijani. Sikuwa na cha kuongeza wala cha kupunguza.

Kabla mgeni hajasema kitu, mzee mmoja wa safu ya pili aliinua mkono. Alikuwa na kofia nyeupe ya kufuma na ndevu chache.

"Jirani ni mimi," alisema. "Bawaba sikuzirudisha. Zilikuwa zimeshika kutu. Nilitaka tu ijulikane."

"Nilinunua zingine," mama alimjibu kutoka upande wa pili.

"Najua. Nilikuambia zile za sokoni hazina nguvu."

"Na ni kweli hazina."

Nikamtafsiria mgeni habari za bawaba. Aliziandika pia. Baada ya hapo fanta ziligawiwa, na watu wakakaa wakiongea kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu, habari za milango, mabati, mashine za cherehani, nani alirudisha nini na nani bado. Hakuna aliyekuwa akituongelesha sisi.

Barabara ya kurudi Gitega inapita Karusi. Tulisimama huko kununua ndizi. Shefu alimenya yake, akaitazama.

"Bon," alisema. "Sasa kwenye ripoti nitaandika nini?"

"Andika mlango, shefu."

"Dada, fomu haina sehemu ya mlango."

Hakuwa anatania. Nilikuja kuiona ile ripoti baadaye, mimi mwenyewe nikiwa nimepewa niitolee nakala: washiriki wa Muyinga walitoa maoni ya kujenga. Mwezi wa mwisho wa mkataba wangu ulipokwisha, shefu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanisifu kwa mchango, na akasema watanipigia. Sikumchukia. Alikuwa na mke, na watoto wanne, na fomu.

Siku hizi niko Magarama, hapahapa Gitega, kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, lenye kompyuta moja na benchi la wateja. Natafsiri karatasi za watu wenye ndugu Tanzania: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, barua za kuomba kwenda kuzika. Maneno ni machache na ukikosea moja mtu anarudishwa mpakani, kwa hiyo mteja husimama nyuma ya bega langu, asome nami. Nimezoea. Baba na jirani yake mwaka jana walinunua mche mmoja wa parachichi kwa ubia, wakabishana wiki mbili upandwe upande gani wa minyaa, na mpaka leo mche uko ndani ya kopo la rangi kwa mama, anaumwagilia.

Majuzi shefu aliingia dukani. Amepata mvi, kalamu zimebaki mbili. Alisalimia watu wote wa benchi, akakaa zamu yake kama wengine. Ilipofika, akanikabidhi karatasi tatu za Kifaransa.

"Tumebadilisha, dada," alisema. "Maridhiano wamelichoka huko juu. Sasa ni ustahimilivu."

"Maana yake nini?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Ni karibu ileile. Ila hii iko na mvua na ukame ndani."

Nilizisoma. Ustahimilivu ulikuwa mara kumi na moja kwenye ukurasa wa kwanza. Nikamwambia nitazitafsiri kama zilivyo, karatasi ni yake na aandike apendavyo. Nikamwambia pia kwamba wakinihitaji tena kukaa kati ya mtu na mtu, nitakuja, lakini atakachosema mtu ndicho nitakachopeleka, hata kikiwa neno moja.

"Hata likiwa baya?"

"Hata likiwa baya, shefu."

"Na kama atanyamaza?"

"Nitanyamaza."

Alicheka, akatikisa kichwa, akatazama saa. Akaniuliza kama karatasi zitakuwa tayari Ijumaa. Nikamwambia Ijumaa umeme huwa unakatika, aje Alhamisi.